Akoth ama Nafula

Binti wa kaka yangu alizaliwa Kisumu mwezi wa nne mwaka wa 2011, usiku, mvua inamwagika hadi vichochoro vya Nyalenda vimegeuka mito, na alizaliwa Russia. Walio mbali nitawaeleza, Russia ni ile hospitali kubwa ya rufaa yenye jina la Jaramogi Oginga Odinga, yule makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 1960 na watu wakaipa hilo jina, vibao vimebadilishwa lakini mpaka leo ukimwambia mtu wa tuktuk nipeleke Russia anawasha anaenda.

Sasa sisi ni Wajaluo wa Ugenya na shemeji, mke wa kaka, ni Mbukusu wa Kimilili. Mamake alifika na kuku wawili, unga wa wimbi wa kupika uji wa mzazi, na jina. Mama naye jina alikuwa nalo tayari. Chai haijaisha mama akasema huyu mtoto ni Akoth, mkwe, yaani huyo mamake shemeji, akaweka kikombe chini polepole akasema kwetu mtoto aliyekuja na mvua anaitwa Nafula.

Kaka akacheka, hapo hakuna kesi, akasema, koth ni mvua na efula ni mvua, chagueni moja tulale. Na ukiangalia vizuri anasema ukweli. Kijaluo kilishuka na watu wa Nile kutoka huko Sudan Kusini, Kibukusu ni cha Kibantu, hizo lugha hazina undugu wowote wa damu lakini zimekaa jirani miaka na miaka na zinataja watoto kwa njia ileile. Wa mavuno huku ni Okeyo kule ni Wekesa, wa wakati wa njaa huku ni Okech kule ni Wanjala, na akiwa msichana unageuza tu mwanzo, Okoth Akoth, Wafula Nafula.

Lakini wale wamama wawili walimtazama kaka kama mtu ametukana msibani. Mama ndiye alianza, "Wewe kwani umenisikia nikitaja mvua?"

Akoth aliyemtaka yeye ni mamake baba yetu. Mama aliolewa Ugenya akiwa msichana mdogo hana hata sufuria, na alikuwa anatuambia kila mara kwamba mavyaa wake hakumwuliza alikuja na nini, alimpa mwiko na kitanda chake mwenyewe yeye akalala kwa mkeka, na akamfundisha kukausha omena, wale dagaa wa ziwani, vizuri isinuke, ile ya kuuza, ndio hiyo baadaye ilitulipia karo. Huyo bibi alikufa sisi tukiwa wadogo. Wiki moja kabla shemeji ajifungue mama alimwota amesimama mlangoni amelowa chapachapa, karai la samaki kichwani, anauliza mbona hujanifungulia. Kwetu marehemu akitaka jina anakuja ndotoni, na hutamwacha nje.

Mkwe alisikiliza yote hiyo bila kukatiza. Alipojibu hakubishana kabisa, aliuliza swali moja, "Alikuwa na roho nzuri kwa wengine pia, ama kwako tu?" Nikajua huyu mama anauliza kwa uzito, kwa sababu kwao mtoto hapewi jina la mtu mchoyo ama mchawi, wanasema tabia inafuata jina. Mama akamtajia watu. Majirani, mayatima aliowalea, jamaa mmoja mlevi aliyekuwa analala jikoni kwake na hakuna mwenye alithubutu kumfukuza.

Halafu mkwe akaleta wake. Nafula ni mama yake mzazi. Njaa ya 1984, ile ya mahindi ya njano, huyo mama alikuwa na wimbi ghalani na kila jioni alitoa gorogoro moja moja, ule mkebe wa kupimia nafaka, kwa waliokuja, hakuandika deni la mtu hata mmoja. Mkwe alituonyesha kwa mkono vile alikuwa anapangusa juu ya gorogoro, na vile alikuwa anaongeza ngumi moja baada ya kupangusa, ile ngumi ndio ya mtoto wako, alikuwa anasema. Hapo mama yangu akajipangusa macho na kitambaa cha kichwa. Mimi hadithi za majina nimesikia nyingi lakini hiyo ngumi ya wimbi sijawahi kuisahau.

Usiku mtoto akalia. Mama akamchukua, akaanza kumwita kama wazee walivyofanya, unataja jina na mengine mpaka anyamaze, akinyamaza ndilo hilo. Akoth, Akoth, mtoto analia. Mkwe akampokea, Nafula, analia. Wakawa wanapokezana pale kwa koroboi maana stima ilikuwa imepotea na mvua, na saa ikasonga nikasikia kitu kikanifanya nikae kitandani, mama yangu ndiye anaita Nafula na yule mama wa Kimilili anaita Akoth, tena kwa kubembeleza kabisa, kila mmoja anamwomba bibi wa mwenzake aingie. Mtoto alinyamaza alipopewa ziwa. Wakaomba pamoja, mmoja kwa Nyasaye mwingine kwa Wele Khakaba, wakalala.

Asubuhi kaka alijaza fomu, Akoth Nafula halafu jina lake. Baba alitaka la mtakatifu pia, kaka akamjibu kwamba Jaramogi mwenyewe aliyaacha ya ubatizo na mzee akanyamaza, hilo halikuchukua muda. Karani aliyeandika, akiwa anajua lugha zote mbili, aliuliza kama tumependa mvua hivyo. Kaka akamwambia hao ni watu wawili.

Msichana sasa ni mkubwa, anasoma Nakuru, likizo anagawa, wiki Ugenya wiki Kimilili. Kule mkwe anamwita mayi, yaani mama, na ukoo mzima unamwamkia hivyo, wazee wenye mvi wanamwita mama mtoto wa shule. Kwetu amekuwa mavyaa. Akivunja sahani ama akirudi nyumbani giza limeingia mama anafoka akiwa jikoni pekee yake, halafu anakuja kumpakulia chakula kwanza kabla ya sisi wengine, na ukimwuliza kwa nini hamchapi anakujibu bila kutabasamu kwamba yeye hawezi kumwinulia mkono mtu aliyempa kitanda akalala kwa mkeka.