Kidole kidogo hakikufa ganzi

Namenya korosho hapa Mtwara mjini, mwaka wa 11 sasa. Wabanguaji wakishapasua ganda gumu na punje zikakaushwa kwenye tanuri, zinaletwa kwetu tuondoe utando mwekundu kwa kisu kidogo. Punje unaibana kwa dole gumba na kidole cha shahada, unaigeuza, unakwangua taratibu, maana nzima ndiyo yenye bei. Ikikatika imeshuka daraja. Tangu asubuhi hadi jioni kifundo cha mkono kimekunjwa.

Mwaka juzi mkono wa kulia ukaanza kuniamsha usiku wa manane. Unawaka moto, umekufa ganzi, naukung'uta wee mpaka utulie. Shangazi akasema ni baridi, akanikanda kwa mafuta ya nazi. Mimi nilidhani ni yale mafuta ya ganda la korosho yanayobabua ngozi, kwamba yameshaingia ndani.

Maumivu niliyavumilia miezi. Kilichonitoa nyumbani ni trei yangu: siku hiyo zaidi ya nusu ilikuwa vipande. Nilikuwa sisikii tena kisu kinapogusa punje. Na asubuhi, vifungo vya shati la shule la mwanangu vilikuwa vinanitoka vidoleni.

Hospitalini daktari aliniuliza, "Mama, ni vidole vipi?" Nikamwambia mkono mzima. Akaniambia nifumbe macho, akapitisha pamba kidole kimoja kimoja. Dole gumba, shahada, cha kati na upande mmoja wa cha pete, ganzi. Kidole kidogo kilisikia kila kitu! Kisha akanikunjisha viganja, migongo ya mikono ikigusana, nikae hivyo dakika moja. Haikuisha, moto ukapanda.

Akanichorea kwenye karatasi. Kifundoni kuna njia nyembamba, humo zinapita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva, yaani mshipa wa fahamu, ya vile vidole vyangu vilivyokufa ganzi. Humo mkivimba, neva inabanwa. Neva ya kidole kidogo haipiti humo. Alinipima sukari na tezi ya shingo pia, kwani navyo huleta shida hii, na ujauzito vilevile. Vyangu vilikuwa sawa.

Nikapewa banzi la kitambaa lenye bati ndani, nilale nalo ili kifundo kinyooke. Wiki ya tatu nililala mpaka adhana ya alfajiri, nikalia. Kazini nilizungushia mpini wa kisu mpira wa tyubu ya baiskeli ukanenepa, nikainua trei ili kifundo kisikunjike, na kila baada ya muda nakiweka kisu chini. Kupumzika huko nakulipia mwenyewe, maana tunalipwa kwa kilo. Hili linaniuma sana. Mkono wa mwanamke ndio mtaji wa kazi yote hii, lakini ukiharibika hasara ni yake peke yake.

Mwenzangu mmoja alichelewa. Nyama ya chini ya dole gumba lake ilikuwa imeshabonyea alipofika kwa daktari. Alipasuliwa, ukakatwa ukanda wa kifundoni unaobana neva. Ganzi ya usiku imekwisha, ila kufungua kifuniko cha chupa bado anamwita mtoto.

Mimi vifungo nafunga. Kutunga uzi kwenye sindano bado namwachia binti yangu. Na benchini nikimwona mtu anakung'uta mkono, namuuliza kwanza habari za kidole kidogo.