Toronto, nikimfuata Collip

Nilichukua treni ya asubuhi kutoka Hamilton, nikashuka stesheni ya Union nikaingia treni ya chini ya ardhi mpaka Queen's Park. Baridi ya Januari Kanada we acha tu, kufika ng'ambo ya College Street masikio yameshakufa ganzi. Nilikuwa nafuata nyayo za James Collip, aliyeisafisha insulini, dawa ya kushusha sukari kwa wagonjwa wa kisukari, nikaanzia jengo la zamani la Toronto General Hospital, siku hizi limebebana na majengo ya vioo ya MaRS, kituo cha ubunifu, watu wanapita na kahawa zao wala hawaangalii yale matofali.

Hospitali hiyo ndo Januari 11, 1922 Leonard Thompson, dogo wa miaka 14 mwenye kisukari, alichomwa insulini ya Banting na Best, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Ilikuwa chafu, sukari ikashuka kidogo tu, halafu pale kwenye sindano pakafanya jipu, wakasitisha. Sasa huyu James Collip, mtu wa baiokemia kutoka Chuo Kikuu cha Alberta, alikuwepo Toronto kwa likizo ya utafiti tu. Jamaa kakomaa na alkoholi, anaiongeza taratibu, uchafu unatuama anauchuja, insulini bado imeyeyuka, anaongeza tena mpaka alkoholi ikipita kama asilimia 90 insulini yenyewe inatuama, anaikusanya. Anaijaribu kwa sungura, wakizidishiwa wanapigwa degedege, wakipewa glukosi wanaamka. Hapo nilimkumbuka mama, sukari ikimshuka anatetemeka na jasho linamtoka, tunamkorogea maji ya sukari fasta. Januari 23 Leonard akaanza kuchomwa ya Collip, na hiyo ikakubali.

Nikakata kwenda Chuo Kikuu cha Toronto. Jengo walilofanyia kazi lilishavunjwa, pamesimama Medical Sciences Building, zege tupu. Nikamuuliza mwanafunzi mmoja kuhusu Collip, akaniambia nani huyo? Banting anamjua. Nobel ya 1923 walipewa Banting na Macleod, profesa aliyewasimamia, Banting akamgawia Best hela, Macleod akamgawia Collip, mi naona Collip kapunjwa maana bila kusafisha ile dawa ingeishia kwenye mbwa wa maabara. Ila naye alikuwa na yake, inasemekana aliwabania wenzake siri ya kuisafisha mpaka nusura azichape na Banting, halafu miezi michache baadaye walipotaka kutengeneza nyingi hata yeye mwenyewe ikamgomea, bechi zinatoka hazifanyi kazi.

Hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, wakaiuzia chuo, Collip, Best na Banting, dola 1 kila mtu. Nikapiga hesabu ya kichupa cha insulini anachonunua mama kila mwezi, nikaguna, nikarudi zangu stesheni.