Banda namba 38

Kilichonipeleka Sachsenhausen, iliyokuwa kambi ya mateso ya Wanazi karibu na Berlin, ni kibao cha shaba kisichozidi kiganja cha mkono, kilichopachikwa njiani Brunnenstraße, Berlin, kumkumbuka Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari wa Wajerumani angali mtoto, kisha akahamia Berlin, akahudumu hotelini na kufundisha Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa kwa tuhuma za kuvunja sheria za Wanazi za rangi. Alifia kambini Novemba 1944. Sikulala vizuri usiku ule.

Asubuhi, mimi na binamu yangu aishiye Berlin tulipanda treni ya S1 mpaka kituo cha mwisho, Oranienburg, tukatembea kiasi cha dakika ishirini. Tulipita nyumba za watu, mapazia madirishani, maua uani, hadi karibu kabisa na ukuta wa kambi. Wafungwa nao walipitishwa mjini hivihivi, mchana, watu wakitazama.

Ndani ni uwanja mpana, mtupu. Kambi ilijengwa mwaka 1936 kwa umbo la pembetatu, ili mlinzi aliye juu ya lango aweze kuielekezea kambi yote bunduki. Zaidi ya watu 200,000 walifungwa humo. Mabanda mengi hayapo tena. Mahali yaliposimama pamewekwa alama za kokoto.

Banda namba 38 lipo. Humo walirundikwa Wayahudi. Baada ya mashambulizi ya Novemba 1938 dhidi ya Wayahudi kote Ujerumani waliletwa kambini kiasi cha 6,000, na Oktoba 1942 karibu wote waliokuwa wamebaki wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya halaiki. Septemba 1992, siku chache baada ya Yitzhak Rabin, Waziri Mkuu wa Israel, kuzuru, banda hilo lilichomwa moto na wafuasi wa siasa za Kinazi. Watunzaji walilikarabati na kulifungua mwaka 1997 likiwa makumbusho, ila sehemu zilizoungua waliziacha zionekane: rangi imebabuka, imejikunja kama magome ya mti. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Kuipaka upya kungewasaidia waliowasha moto.

Tulikuta wanafunzi, kama wa miaka kumi na mitano. Mwelekezaji wao hakuwahutubia. Aliwaacha wasome, watazame vitanda vya ghorofa vilivyobanana, vyoo visivyo na pazia, kisha akangoja maswali. Kimya kikawa kirefu. Msichana mmoja akauliza jambo kwa sauti ndogo.

"Kasemaje, dada?" nilimnong'oneza binamu yangu.

"Anauliza kama waliochoma hapa ni wanajeshi wa Hitler."

Mwelekezaji alitikisa kichwa, akamtajia mwaka. Msichana akageuka kuitazama tena ile rangi iliyoungua, safari hii akaisogelea.