Boti ya upepo Ziwa Duluti: nilipofikia mpaka sasa

Kila anayeiona boti hii imetandazwa uani anauliza swali lilelile: ikitoboka je? Jirani kauliza, mama kauliza, hata kondakta wa kifodi aliyenisaidia kuupakia mfuko kauliza. Nimelijibu kwa vitendo, nitafika huko. Ila baada ya kuishi nayo miezi kadhaa, tundu ndilo linaloninyima usingizi kidogo kuliko yote. Ninachokifanyia kazi sasa ni upepo wa nje, na jinsi mtu aliyeanguka majini atakavyorudi ndani.

Kwa wasioijua: ni boti ya kujaza upepo, ya PVC (plastiki ngumu inayokunjika), urefu mita tatu, ya kupiga makasia. Nimeipata mtumba kutoka Dar. Ina vyumba vitatu vya upepo, yaani ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia na sakafu. Ubavuni imeandikwa inabeba kilo 300. Mimi nimeamua watu wawili basi, na begi moja. Tangu MV Nyerere ipinduke karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, mama hasikii habari ya chombo cha majini bila kuuliza kwanza kimebeba watu wangapi, na sioni sababu ya kubishana naye.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujaza. Fundi pancha wa hapa Kijenge, Arusha, aliniambia, "Dada, lete hapa, dakika mbili imejaa." Sina shaka ingejaa. Kompresa yake inajaza matairi ya Fuso, ambayo yanakula psi (kipimo cha msukumo wa upepo) karibu 100, na mbavu za boti yangu zimeandikwa 2.5. Boti inataka upepo mwingi wenye nguvu ndogo, tairi kinyume chake. Kwa hiyo ni pampu ya mkono, ile ndefu ya kusimama, yenye geji ya kusoma namba ndogondogo. Geji ya tairi haifai hapa, mshale wake hautainuka hata kidogo.

Valvu nayo ina adabu yake. Katikati kuna kipini cha springi. Kikiwa juu, upepo unaingia na hautoki. Ukikibonyeza na kukizungusha kinabaki chini, na ukichomoa mpira wa pampu, upepo wote unakupuliza usoni. Sasa nakagua vipini vyote kabla ya kugusa pampu. Halafu sijazi ubavu mmoja mpaka mwisho huku mwingine ukiwa mtupu. Nusu kushoto, nusu kulia, ndipo narudi kumalizia. Mbavu zinakutana mbele na nyuma, na katikati yake kuna ukuta wa ndani. Ukisukumwa upande mmoja tu unachoka, na ukiachia gundi ukuta ule huwezi kuufikia kwa kiraka. Sakafu ni ya mwisho, ila pezi la chini nalichomeka wakati sakafu bado laini, kwa sababu ikishakaza haliingii. Bila pezi boti inazunguka kwa kila kasia unalopiga.

Baada ya hapo ni povu. Sabuni ya unga, maji kidogo, sponji, unapaka valvu na maungio yote taratibu. Valvu ya kulia ilitoa mapovu madogo. Ndani ya kifuniko cha mpira kulikuwa na chembe moja ya mchanga, nikaitoa kwa mswaki wa zamani, ikanyamaza. Ungio la nyuma nalo lilikuwa na upenyo mdogo. Solusheni ya pancha niliijaribu kwanza kwenye kipande chakavu kilichokuja na boti: kimeshika jioni, asubuhi nakibandua kwa ukucha. Ile ni ya mpira wa tyubu, PVC inataka gundi yake. Unasafisha kwa asetoni, unapaka tabaka jembamba kwenye kiraka na kwenye boti, unaacha likauke mpaka linate kidoleni bila kuchafua, unarudia, ndipo unabandika na kukandamiza kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje. Kisha unaiacha saa 24 bila kuijaza. Hapo ndipo watu wenye haraka wanapoharibu.

Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni geji yenyewe. Asubuhi nilijaza 2.5 nikaiacha uani. Saa sita mchana, jua la Arusha likiwa kichwani, hakuna aliyeigusa lakini ilisoma karibu 3.5. Upepo uliofungwa ukipata joto unasukuma kuta. Ukiitumbukiza ziwani mambo yanageuka, maji yanaipoza na inalegea. Kwa hiyo utaratibu wetu ni kujaza ukingoni pungufu kidogo, kuitia majini, kusubiri dakika kumi, kisha kuongeza mpaka namba itimie. Tukitoka majini napunguza upepo hapohapo kabla ya kufungua chai. Boti iliyojaa na kusahauliwa juani ndiyo inayofumuka maungio.

Duluti tunaenda asubuhi na mapema. Unashukia Tengeru kwenye barabara ya Moshi, bodaboda inamalizia na mfuko. Jumamosi epuka kama unaweza, ni siku ya soko na kupita na mzigo ule ni kazi. Msitu unaolizunguka ziwa ni hifadhi iliyo chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo unalipa getini na kueleza umekuja kufanya nini. Ukingoni kuna mizizi na vijiwe vya volkano vyenye makali, natandaza turubai kabla ya kuikunjua boti.

Sasa lile swali. Tukiwa kwenye maji ya kufika kifuani, karibu na ukingo, mimi na mdogo wangu tukiwa ndani na majaketi ya kuokolea, nilifungua valvu ya ubavu wa kushoto ikaisha upepo kabisa. Boti iliinamia kushoto, maji yakaingia, nyonga zikalowa. Haikuzama. Ubavu wa kulia na sakafu vilitubeba, tukahamia kulia, tukapiga makasia kwa kujivuta mpaka ukingoni. Ilikuwa safari ya aibu, lakini ilifika. Tundu linakupa muda.

Upepo haukupi. Boti ya namna hii inaelea juujuu, haina cha kushikilia majini zaidi ya pezi, na mbavu zake ni kama tanga usilolitaka. Kuta za msitu zinaukinga ukingo wa Duluti, lakini ukifika katikati mambo ni mengine: tukiacha makasia tunasogea wenyewe. Ndiyo maana tunaanza kwa kwenda kule upepo unakotoka tukiwa na nguvu, ili wakati wa kurudi utusukume nyumbani. Miti ya upande wa pili ikianza kucheza, tunageuza. Hakuna mjadala kwenye hilo, hata kama Mlima Meru ndiyo kwanza umejivua mawingu na mdogo wangu anataka picha.

Majaketi tumeyachagua kwa mtu. Mimi naogelea, navaa la nyutoni 50 (kipimo cha nguvu ya kuelea), linalomsaidia anayejiweza. Mdogo wangu haogelei vizuri, anavaa la 100, lililoundwa kumgeuza mtu uso uwe juu. Kipimo cha kukaza ni rahisi: mwenzako akuvute mabegani mwa jaketi kwenda juu. Likipita masikio, limelegea.

Kurudi ndani ndiko kulikotutoa jasho. Mtu akining'inia wima, miguu inavutwa chini ya boti na mikono inaisha nguvu. Anatakiwa alaze mwili, apige mateke mpaka miguu iwe juu ya maji, ndipo ajivute kwa tumbo. Kumvuta mwenzako: mgeuze akuangalie, shika mabega ya jaketi, si mikono yake, bana magoti kwenye ubavu, kisha jiangushe nyuma. Uzito wako ndio unaomtoa, mgongo haufanyi kazi. Wa kwanza kuvutwa nilikuwa mimi, nikamwangukia mdogo wangu mzimamzima. Akasema, "Dada, chai za asubuhi upunguze."

Watu wananiuliza kuhusu bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapana, kule kuna mamba na viboko, na PVC si kinga ya meno. Maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana viboko pia. Kule nitaenda kwa mtumbwi wa wenyeji na mwongozaji wao, boti yangu ikiwa nyumbani ndani ya pipa lenye kifuniko, maana panya wa Kijenge nao wanaipenda.

Kilichobaki ni ngazi ya anayerudi peke yake: kitanzi cha mkanda kinachoning'inia majini, unaweka mguu, unapanda. Pete ya chuma ya kukifungia nimeamua kuibandika ndani, chini ya ubavu, ili mkanda upite juu ya ubavu ndipo ushuke majini. Gundi inastahimili kuvutwa kwa ubapa, lakini ikivutwa kwa kubanduliwa inaachia upesi, na pete ikikaa nje ingebanduliwa kila mtu anapokanyaga. Gundi nimeshapaka tabaka la kwanza. Kwa ukungu huu wa Julai inachelewa kukauka, nimesogeza kazi ndani karibu na jiko.