Siku moja ya konda: Nakonde hadi Lusaka

Saa 9:30 usiku niko stendi ya Nakonde, mpakani upande wa Zambia, tochi mdomoni, magunia ya mchele yananisubiri chini. Watu hudhani konda kazi yake ni kudai nauli na kupiga kelele mlangoni. Mgongo wangu una habari nyingine.

Saa 10 kamili akatokea mzee mmoja kutoka Mbeya. Nikamwamkia. Begi lake akataka liingie buti kabla ya mizigo yote, nikaliingiza. Kisha: "Kijana, saa 11 hii, dereva yuko wapi?" Nikamweleza kwamba Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Akanitolea simu kama hati ya mahakama. Kweli, inasoma 05:02! Hapa mpakani mtandao wa Tunduma unavuka bila pasipoti, simu yake ilikuwa bado iko nyumbani. "Mnatuchelewesha makusudi mjaze basi!" Waliokuwa wamelala vitini wakaamka, nao wakadakia. Saa nzima nimepakia magunia huku nikihubiriwa. Tulipoondoka saa 11 kamili, hakuna aliyesema pole.

Isoka, Chinsali, wengine wakashuka, wengine wakapanda. Mpika tukala nshima, ugali huohuo ila mlaini kidogo. Mzee akauliza kama wali upo.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Mashimo, mvua, mashimo. Kabla ya Serenje tairi likapasuka, jeki ikazama kwenye tope, tukahangaika kutafuta jiwe la kuiwekea. Nimelala chini ya basi, nasikia akina mama wakipatana bei ya uyoga kando ya njia.

Kapiri Mposhi tumeingia usiku. Hapa ndipo reli ya TAZARA inapoishia, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam, na sisi tukaishia hapohapo. Lusaka imebaki kama kilomita 200, lakini sheria ya 2016 hairuhusu basi la abiria kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Dereva akazima injini. Kutangaza ni kazi ya nani? Nikasimama mlangoni, Kibemba kwanza, Kiswahili baadaye: tunalala humu.

Kelele zilipotulia mzee akaniita.

"Kijana, hiyo saa 11 ni ya kwenu au ya kwetu?"

"Ya huku, mzee."

Akavua saa ya mkononi, akairudisha nyuma taratibu. Kisha akaniomba nimtolee blanketi. Liko kwenye begi.

Nikaichukua tochi.