Siku Moja Maishani Mwangu: Kumtafutia Mgeni Sangara Kwenye Maji Mapya

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kuwatafutia wageni mahali pa kuvua kwa fimbo, husema nalipwa kwa kupunga upepo. Ziwa Victoria ni kubwa, samaki wamo, unatafuta nini? Nimechoka kueleza kwa mdomo, kwa hiyo naiandika siku ya Alhamisi jinsi ilivyokwenda. Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, makazi yangu ni Jinja, Uganda, na siku hiyo tulikwenda Kiyindi, wilaya ya Buikwe, mwalo (ufuo inapotua mitumbwi ya wavuvi) ambao sikuwa nimewahi kuvulia. Mgeni alikuwa ameshasema anachotaka: si Jinja, si bwawa la mtu la kulipia, bali maji ya umma ambayo hayajazoeleka.

Saa 10 alfajiri. Chai ya haraka, mafuta, maboya ya kuokolea, betri ya kipima kina. Safari gizani.

Saa 11 na nusu. Ukifika mwaloni saa 3 asubuhi umeshachelewa, waliokuwa na habari wamekwenda kulala. Kiyindi ni mwalo wa dagaa, mukene kwa wenyeji, na dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa mwezi usipokuwepo. Sangara huwafuata dagaa mpaka kwenye mwanga, kwa hiyo wavuvi wanaorudi alfajiri ndio wanaojua alikopita. Lakini huwaulizi samaki wako wapi. Hakuna mvuvi atakayemjibu mgeni swali hilo. Nilisaidia kuvuta mtumbwi mmoja nchi kavu, nikaamkia, ndipo nikauliza ni wapi usiku huo dagaa walitawanyika ghafla wakaikimbia taa. Mzee mmoja nahodha akanionyesha kwa kidevu kisiwa kidogo upande wa Buvuma.

"Pale penye mawe, mwanangu. Mimi nyavu zangu sipeleki pale, zitachanika."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Panapochana nyavu ndipo mtu wa fimbo anapopataka: mawe yamezama, na makila, nyavu za kutegea sangara, hayategwi.

Hatua ya pili ni tumbo. Nilinunua sangara mmoja kwa mama muuza samaki, wa sentimita kama 60 hivi, maana chini ya 50 ni haramu kisheria na sinunui. Nikamwomba ampasue mbele yangu. Kama tumboni mna uduvi mtupu, samaki huyo alikuwa akila chini kwenye tope. Kama ni dagaa, alikuwa maji ya wazi. Huyu alikuwa na furu, samaki wadogo wa ziwani, wawili wameshayeyuka nusu, wa tatu bado ana rangi ya buluu ubavuni na mapezi yamesimama. Furu wa namna hiyo hukaa mawe. Maneno ya mzee na tumbo la samaki yalikuwa yanasema jambo moja.

"Ssebo, bondo uniachie," yaani bwana, mfuko wa hewa wa samaki ni wangu, mama aliniambia akiwa ameshalichomoa na kuliweka kando kwenye beseni lake. Nilimwachia. Kilo ya mabondo makavu inashinda bei ya nyama kwa mbali, kwa sababu ya soko la China, na aliyeamka usiku kusubiri mitumbwi anastahili kupata chake.

Ofisi ya mwalo, kuandikisha majina, kuonyesha kibali. Ukisalimia vizuri na kueleza kwamba utavua kwa fimbo na kumwachia samaki, haichukui muda.

Saa 12 ndiyo tuliyoahidiana kukutana na mgeni. Alifika saa 2 kasoro. Ni mtu wa Nairobi, mwungwana, na mvuvi kweli, ila amezoea besi wa Naivasha, yule samaki wa Marekani mwenye mdomo mpana aliyepandwa kule tangu miaka ya 1920. Alikuja na simu yenye ramani na alama nyekundu ya mahali, ambayo mtu alimtumia.

"Kaka, twende hapa kwanza. Ona majani yalivyo. Samaki wako kwenye majani."

Nilimweleza. Besi hujificha kwenye majani na miti iliyozama, huvizia kwenye maji ya magoti. Sangara ni mtu mwingine. Ni mgeni ziwani humu, aliletwa miaka ya 1950, kwao ni Ziwa Albert na Nile chini ya maporomoko ya Murchison, na jambo moja halivumilii hata kidogo: maji yaliyopungukiwa hewa. Ghuba iliyotulia, iliyojaa magugu maji yanayooza, inamfaa kamongo na kambare. Sangara mkubwa hakai humo. Nilimweleza pia habari ya mzee na ya tumbo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa kaka, lakini tupitie tu."

Mteja akisema tupitie tu, tunapitia.

Kwanza alitaka tuingie kwa nchi kavu. Alama ilikuwa nyuma ya uzio wa jumba moja la kifahari, na mlinzi akatuambia ufuo ni wa bosi wake, tukitaka kupita tutoe pesa. Mambo haya yananiuma. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 237, inasema maziwa na mito ya asili serikali imeyashika kwa amana ya wananchi wote. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zimetenga mita 200 za ukingo wa Ziwa Victoria zilindwe. Lakini mlinzi hakuandika sheria wala hakujenga uzio, ana mshahara wa kulinda. Sikubishana naye, na pesa sikutoa. Nilimwambia mgeni: maji ni ya umma, njia ya kuyafikia ndiyo iliyozibwa, na dawa yake ni kuingilia kwenye mwalo wa watu wote na kuzunguka kwa boti. Yeyote anayetafuta pa kuvua katika nchi hii aanzie mwaloni.

Tukazunguka. Mlango wa ghuba ulikuwa umefungwa na magugu maji. Mgeni akasema yanaonekana mepesi. Nahodha wetu akanitazama, nikamwashiria aende taratibu. Hatukufika mbali, mizizi ikajisokota kwenye panga la injini, injini ikazima. Unainamisha injini, unalala kifudifudi nyuma ya boti, unakata kwa kisu mzizi mmoja mmoja, na mizizi ile ni laini, inateleza, inarudi mkononi. Washa. Zima. Kata tena. Jua limeshapanda. Mgeni anarusha chambo chake cha plastiki juu ya magugu, kinanasa, tunasogea kukinasua, tunazidi kuingia ndani. Kisha akavua viatu, anataka kushuka atembee majini kama anavyofanya nyumbani.

Hapo nilikataa. Nilimwambia, bosi, leo hii utanisikiliza. Maji ya pembeni yenye majani na konokono ndiyo yenye kichocho. Hutakiona leo, utaumwa tumbo baada ya miezi. Alinuna, akavaa viatu. Mgongo wangu ulikuwa hauniinui, vidole vimekatwakatwa, na bado nilitakiwa kuongea kwa upole. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo watu hawaioni.

Kutoka tu, doria. Maboya, kibali, majina, majina tena. Walikuwa na haki ya kuuliza, ila jua lilikuwa utosini na sisi hatujala. Tukala chapati na mayai zilizopoa, tukiwa palepale tumeegesha.

Mchana ule nilimwomba mgeni anipe saa chache tu za kwangu. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, unatoka kusini kama kawaida ya mchana huku kwetu, na upande wa kisiwa unaotazama ziwa wazi ulikuwa unapigwa na mawimbi. Watu hukimbilia upande wenye utulivu. Sisi tukaenda wenye mawimbi, kwa sababu upepo unasukuma chakula kwenye mawe na kuyachanganya maji na hewa. Minandi, ndege weusi wala samaki, walikuwa wanazama na kuibuka na vitu midomoni. Kipima kina kikaonyesha mita 4, mita 5, halafu chini pakakatika mpaka mita 13. Nikamwambia nahodha aishike boti palepale kwenye ukingo, na mgeni avute chambo polepole, apige jiwe, atulie, avute.

Alirusha sana. Mikono ilianza kumchoka na niliona anataka kuzungumzia ghuba nyingine. Ndipo fimbo ikapinda mpaka kwenye mpini.

Sangara alitoka majini mara mbili akitikisa kichwa, mdomo wazi, mshipi ukilia kwenye miamba. Tulipomleta ubavuni nilikadiria kilo 15. Nilimshika taya akiwa majini, jicho lake lina ile rangi ya dhahabu inayowaka ukilitazama kwa pembeni. Kwa kuwa alitoka kina kifupi, bondo lake halikuwa limevimba. Ukimtoa chini sana, hewa humzuia kuzama tena na kumwachia hakuna maana. Mgeni akapiga picha, tukamwelekeza kichwa kwenye mawimbi, akaondoka kwa nguvu.

Walipatikana wengine wadogo kabla ya giza. Mgeni hakuitaja tena ile alama.

Sikumbuki vizuri saa ya kurudi. Nilikumbuka kupita kwa yule mzee. Alikuwa anajaza mafuta kwenye taa zake, nikampa pesa kidogo za sabuni, nikamwambia pale mawe pana samaki. Akasema anajua.

Kwenye gari nikaandika daftarini: kisiwa, kina, mawe, upepo wa kusini, furu, saa za jioni. Mgeni aliyekuwa nyuma akaniuliza kesho tutakwenda wapi. Nikamwambia aje saa 12 kamili, nitamjibu nikishaongea na watu wa dagaa.