Nimemaliza muswada, na sikuamka alfajiri

Muswada wa riwaya yangu umekwisha. Una mwanzo, una mwisho, na katikati watu wanaongea kama watu. Acha nijigambe kidogo, maana miaka yote niliyokuwa nakwama, kila niliyemwambia naandika alikuwa na ushauri wa kunipa, na mwingi ulinichelewesha tu.

Kuna ule wa kusubiri msukumo. "Usijilazimishe, hadithi itakuja yenyewe." Nikaisubiri. Haikuja. Likaja wazo la riwaya nyingine, tamu kuliko la kwanza, nikahamia huko, nako nilipofika sura ya tatu mambo yakawa yale yale. Leo nina sura nyingi nzuri za kwanza, za riwaya ambazo hazipo.

Halafu kuna ule wa alfajiri. Wenye ushauri huu hawakosi kumtaja Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa mfanyakazi wa posta na bado akaandika riwaya 47. Ni kweli, saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa ameshakaa mezani, saa yake mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Wasichokwambia ni kwamba alikuwa na mtumishi, tena aliyelipwa nyongeza, wa kumwamsha na kumletea kahawa. Mimi naamshwa na simu, na simu naizima huku nimelala. Siku nilizofaulu kuamka niliandika vizuri tu, mpaka niliposoma mchana nikakuta marehemu wa sura ya pili yuko sura ya tano anafunga dirisha.

Kwa Trollope nilichukua daftari tu. Alikuwa akiandika kila siku amejaza kurasa ngapi, na siku za uvivu zilibaki mle zikimkodolea macho. Nami nina langu. Maneno 300, jioni, siku tano kwa wiki. Kuna aliyecheka kwamba 300 ni kidogo. Zidisha mwenyewe: kwa mwaka ni maneno 78,000, riwaya nzima hiyo. Aliyecheka alikuwa amepanga 2,000 kwa siku, na sijasikia tena habari zake.

Kuhusu vifaa nisemeje? Niliambiwa nitafute kompyuta nzuri, programu maalumu, kiti cha kunyoosha mgongo. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978 aliandika riwaya kwa Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Baada ya kulijua hilo niliona aibu kulalamikia kiti. Sehemu kubwa ya muswada nimeiandika kwenye simu, na gharama yangu ilikuwa kuchapisha kurasa za kusahihisha, hela ambayo ningeipotezea kwingine tu.

Shauri lililonifaa kweli ni la Hemingway, mwandishi wa Marekani: kila siku acha kuandika ukiwa bado unajua kinachofuata. Mimi nimelipeleka mbele, naacha katikati ya sentensi. Jioni moja niliishia "Nasra alifungua bahasha akakuta", nikaweka simu chini nikaenda zangu. Kesho yake sikuwa na ile nusu saa ya kutazama ukurasa mtupu, kwa sababu bahasha ilikuwa wazi tayari. Ila andika pembeni kilichomo, la sivyo utalala, uamke, na wewe mwenyewe usijue Nasra kakuta nini.

Sasa mazungumzo ya wahusika, sehemu niliyosifiwa tangu mwanzo na watu waliosoma kwa huruma. Sura ya sita baba na binti yake wanagombana kwa sababu baba ameuza nyumba. Niliipenda sana. Nikaondoa majina yote, nikaondoa kila "alisema" na "alijibu", nikachapisha, nikampa dada yangu na kalamu mbili: bluu kwa maneno ya baba, nyekundu kwa ya binti. Akarudisha karatasi karibu yote ni bluu. Nikamuuliza binti yuko wapi. Akaniuliza kwani kuna binti. "Mimi nilidhani baba anaongea peke yake. Tena anaongea kama wewe ukikasirika."

Kilichokuwepo ni hiki:

"Nimesikitishwa sana na uamuzi wako wa kuuza nyumba bila kunishirikisha."

"Nami nimesikitishwa na namna unavyozungumza nami."

Wagomvi gani hao? Makarani wawili wanaandikiana barua. Nikampa baba tabia moja, kwamba swali halijibu, analikwepa kwa swali lingine. Binti nikampa sentensi fupi na ung'ang'anizi. Ikawa hivi:

"Baba, nyumba umeuza?"

"Umekula?"

"Nauliza nyumba."

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyesikitishwa wala kushirikishwa, na ugomvi umewaka. Nikamrudishia dada na kalamu zake. Alipatia yote isipokuwa mstari mmoja, ambao mpaka leo anadai ni wa binti. Tangu hapo kila sura yenye watu wanaozungumza inapita kwenye kalamu mbili, na wakiwa watatu namtafutia ya kijani.

Maelezo ya kawaida najirekodi nikiyasoma kwa sauti. Ulimi unapojikwaa, hapo nakata. Sentensi nilizozionea fahari ndizo zinazojikwaa zaidi, sijui kwa nini.

Usimsimulie mtu kisa kabla hujakiandika. Ukishakihadithia ukaona ameshangaa, hamu imeisha, unabaki na kazi ya kunakili. Na msomaji wako wa kwanza asiwe wa kusema "nzuri sana" kisha akakurudishia karatasi safi. Dada yangu hana adabu kabisa na karatasi zangu, lakini ndiye aliyekuwa ananitumia ujumbe usiku, "yule mzee hela ya nyumba kaipeleka wapi?" Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Ilibidi niandike ili nimjibu, na kwa uvivu wangu hakuna kilichowahi kunisukuma kama ujumbe huo.

Kuna anayenihimiza niupeleke kwa mchapishaji wiki hii hii. Sipeleki. Nimeufungia droo mpaka niusahau kidogo, ndipo niusome kama wa mtu mwingine, na maneno 300 ya jioni yanaendelea kwenye hadithi nyingine. Wakati huo huo dada anashikilia kwamba sura ya tisa ikatwe yote. Siikati. Labda nusu.